Kompyuta mpya, macho yanawaka: anza na ukubwa wa herufi

Swali linarudi kila mara, na karibu kwa maneno yaleyale. Mhasibu wa duka la vipuri, mwanafunzi anayemalizia TFC (kazi yake ya kuhitimu) UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, deklaranti anayeshinda mbele ya Sydonia, mfumo wa forodha, akijaza matamko ya DGDA, wote wanasema hivi: kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na skrini ya kawaida tu na haikunisumbua, sasa nimepata nyingine, nyepesi, skrini yake ya hali ya juu, picha safi ajabu, lakini ikifika saa tisa alasiri macho yanawaka, paji la uso linauma na mistari inaanza kucheza. Je, hizi skrini zenye pikseli nyingi zinaharibu macho? Nirudie ile ya zamani? Au ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa bluu?

Pikseli hazina kosa. Yanayochosha ni mambo yanayokuja pamoja nazo: herufi zilizosinyaa, mwanga uliopunguzwa ili betri idumu, kioo kinachong'aa, na macho yasiyopepeswa katika hewa kavu ya Lubumbashi. Mengi ya hayo hurekebishwa bila kutoa hata franka moja. Ila yana mpangilio wake, na mpangilio huo ndio watu wanaoukosea: wananunua miwani kwanza, wanajaribu matone ya famasia, wanauza kompyuta kwa hasara, na herufi bado ni zilezile ndogo.

Hesabu ya herufi

Chukua kompyuta mbili zinazoweza kukutana juu ya meza moja mjini hapa. Ya kwanza ina skrini ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, aina iliyokuwa kila mahali miaka ya 2010. Ya pili ni ya inchi 13.3 yenye pikseli 3840 kwa 2160, ile inayoitwa 4K. Katika ya kwanza, inchi moja ina pikseli 100 hivi. Katika ya pili, 331. Sasa, maandishi ya menyu ya Windows yasipokuzwa huchorwa katika nafasi yenye kimo cha pikseli 12. Kwenye skrini ya zamani nafasi hiyo ni milimita 3. Kwenye 4K haifiki hata milimita 1, na herufi kama a, e na o hutumia karibu nusu tu ya nafasi hiyo.

Jicho zima, ambalo daktari ataliandikia 10/10, linahitaji herufi yenye kimo cha milimita 0.9 hivi ili kuitambua kwa umbali wa sentimita 60. Huo ndio mwisho wa uwezo wake, wala si kiwango cha kusoma kwa raha. Kwa raha linahitaji mara mbili au tatu ya hapo. Herufi ya nusu milimita, kwa hiyo, haisomeki ukiwa umekaa wima. Mwili unatafuta njia bila kukuuliza: shingo inatoka mbele, uso unasogea hadi sentimita 30. Kwa sentimita 60, msuli mdogo unaobadilisha umbo la lenzi ndani ya jicho hudaiwa kazi ya dioptria 1.7 hivi, kwa sentimita 30 unadaiwa 3.3. Ni kazi maradufu, saa nane mfululizo, huku macho yote mawili yakilazimika kugeukia puani ili yakutane kwenye nukta moja. Kinachouma alasiri ni misuli hiyo.

Atakayesema kwamba pengine pikseli zenyewe zina madhara yake, na atazame kilichofanywa na Apple mwaka 2012, ilipotoa MacBook Pro ya kwanza yenye skrini ya Retina. Pikseli ziliongezwa mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, lakini herufi zikaachwa na ukubwa uleule wa zamani. Nukta za ziada zilikwenda kusafisha kingo za herufi. Pikseli zikitumiwa hivyo, skrini kali inasomeka vizuri kuliko ile ya zamani. Zikitumiwa kubana mambo mengi zaidi katika inchi 13, macho ndiyo yanayolipa.

Hatua za kufuata leo hii

Kompyuta nyingi hapa kwetu ziko katika Kifaransa, basi majina ya vitufe nayaacha yalivyo. Kwa kawaida Windows hupendekeza yenyewe kiasi cha kukuza, lakini kompyuta iliyokwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine, au kwa fundi aliyeifuta na kuiwekea mfumo upya, inaweza kufika ikiwa imerudishwa kwenye 100 %.

1. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini ya mwanzo, kisha chagua "Paramètres d'affichage".
2. Shuka hadi "Mise à l'échelle". Kwa 4K ya inchi 13 au 14, anza na 250 %, kisha jaribu 300 %. Kwa inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080, mara nyingi 125 % au 150 % hutosha.
3. "Résolution" usiiguse. Iache kwenye kiwango ambacho kompyuta yenyewe inakipendekeza.
4. Kwenye kurasa za intaneti, bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka usome bila kukunja uso. Katika Word na Excel, tumia kitelezi kilicho chini upande wa kulia.
5. Fanya jaribio. Kaa kama unavyokaa kazini, kisha rudi nyuma mpaka umbali wako na skrini uwe mara mbili. Kama bado unayasoma maandishi uliyozoea kufanyia kazi, ukubwa unatosha. Kama huyasomi, ongeza.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye hatua ya tatu. Mtu anaona herufi ndogo, anaambiwa "punguza rezolisheni", anaiteremsha skrini ya 1920 kwa 1080 hadi 1366 kwa 768. Herufi zinakua, ni kweli, lakini kila pikseli ya picha sasa inapaswa kuenea juu ya pikseli 1.4 za kioo, jambo lisilowezekana, hivyo kompyuta inachanganya rangi za nukta jirani. Ukingo wa kila herufi unapata ukungu. Jicho likikutana na ukungu hudhani limekosea kulenga, likajaribu tena, na tena. Umetoka kwenye uchovu mmoja ukaingia kwenye mwingine.

Liko pia tatizo la programu kongwe. Kuna za hesabu na za uchoraji zilizotengenezwa kabla ya skrini hizi kuenea, nazo ama hazitii agizo la kukuza na hubaki na vitufe vidogo mno, ama hukuzwa zikatoka na ukungu. Bofya kulia alama ya programu hiyo, ingia "Propriétés", kisha "Compatibilité", kisha "Modifier les paramètres PPP élevés", uruhusu mfumo uchukue kazi ya kukuza. Wakati mwingine inafaa, wakati mwingine haifai. Isipofaa, na programu hiyo ndiyo mkate wako, 4K ndogo haikuwa kompyuta yako tangu mwanzo.

Wahasibu hapo wana pingamizi: nikikuza hadi 250 %, safu za Excel hazitoshi, nitakuwa natelezesha ukurasa siku nzima. Ni kweli kabisa, na sitawadanganya kwamba kuna ujanja wa kulikwepa. Kugandisha safu ya vichwa kwa "Figer les volets" kunasaidia kiasi. Dawa yenyewe ni eneo: skrini ya pembeni ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, hata iliyotumika, ina pikseli 92 tu kwa inchi, herufi zake zinasomeka kwa 100 %, na jedwali refu linakaa lote. Kwa anayesoma tarakimu kutwa, skrini hiyo ya kizamani inamfaa kuliko kioo kizuri cha inchi 13. Uzuri wa picha ni kitu kimoja, nafasi ya kazi ni kitu kingine, na matangazo ya kompyuta hupenda kuvichanganya.

Betri, delestaji na chumba chenye giza

Sababu ya pili ni ya kwetu zaidi. Skrini ya 4K hula umeme mwingi kuliko ya kawaida, na umeme wa SNEL hukatika. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, mtu hufanya lililo la busara kwa betri na la hasara kwa macho: anateremsha mwanga wa skrini hadi karibu na mwisho. Asipouteremsha yeye, mfumo wa kuokoa betri utauteremsha wenyewe. Halafu anaendelea kuandika katika chumba ambacho mwanga pekee ni wa skrini hiyo. Kila anapoinua macho anaingia gizani, kila anapoyarudisha mboni inajibana upya. Na maandishi yenye mwanga hafifu yanapoteza utofauti kati ya wino na karatasi. Ndipo uso unaposogea mbele tena, hata kama herufi ulikwisha kuzikuza.

Kipimo cha mwanga ni rahisi. Shika karatasi nyeupe kando ya skrini iliyofungua ukurasa mtupu wa Word. Skrini ikionekana kama taa ikilinganishwa na karatasi, imezidi. Ikionekana ya kijivu, imepungua. Inatakiwa zifanane. Mchana karibu na dirisha skrini itadai mwanga mwingi, usiku itadai kidogo, na kwa hiyo hakuna namba moja ya kuandika hapa. Usiku wa delestaji, weka taa ndogo ya kuchaji nyuma au pembeni ya kompyuta, ikimulika ukuta, isimulike kioo wala macho yako. Balbu inayoyumba kwa sababu ya jenereta mbovu ni heri uizime.

Kwa baadhi ya watu kupunguza mwanga kuna shida ya ziada. Skrini kadhaa, hasa za OLED, hazipunguzi mwanga kwa kuufifisha. Huwaka na kuzima mara mamia kwa sekunde, na kadiri unavyoteremsha ndivyo muda wa kuzima unavyorefuka. Jicho halioni, ila wapo wanaoumwa kichwa. Elekeza kamera ya simu kwenye skrini ikiwa imeteremshwa sana: michirizi myeusi inayotembea ni dalili, ingawa kipimo hiki hakina usahihi mkubwa. Ukiwa miongoni mwa wanaoumia, acha mwanga wa skrini juu ya nusu, ongeza taa chumbani, na upange kazi ya betri iwe fupi. Wanaouliza kuhusu maandishi meupe juu ya weusi: katika chumba chenye giza yanapunguza makali, lakini kwa kusoma mchana wengi husoma vyema nyeusi juu ya nyeupe, na mwenye astigmatismu huona herufi nyeupe zikimwagika kingo.

Kuhusu kioo kinachong'aa, ushauri ni mfupi: dirisha likae ubavuni mwako, lisiwe nyuma yako wala nyuma ya kompyuta. Ukizima skrini na kuuona uso wako au bati la jirani likimetameta humo, geuza meza.

Kiangazi, vumbi na mbabula

Wanaosema macho yao "yana mchanga" kwa kawaida hawasumbuliwi na misuli, machozi yamekauka. Mwaka 1993 watafiti wa Japani, Tsubota na Nakamori, walihesabu kupepesa macho kwa wafanyakazi wa ofisini: mara 22 kwa dakika mtu akiwa ametulia, 10 akisoma kitabu, 7 tu akitazama skrini. Kila unapopepesa, kope hutandaza upya utando mwembamba wa machozi juu ya jicho. Usipopepesa, utando unapasuka, picha inafifia, na jicho linaanza kuwaka.

Hebu liweke jicho hilo Lubumbashi mwezi wa Agosti. Tangu Mei mvua haijanyesha ya maana, hewa imekauka, upepo unanyanyua vumbi la barabara zisizo na lami kutoka Katuba hadi Ruashi. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, watu wanaingiza mbabula (jiko la makaa) ndani, na moshi wa makaa unawasha macho. Ofisini feni au kiyoyozi kinapuliza usoni moja kwa moja. Kompyuta ileile, mtu yuleyule, mwezi wa Februari pengine hataona shida yoyote. Ndiyo maana wengi wanaonunua kompyuta wakati wa kiangazi huilaumu skrini kwa kosa la majira. Ufanye nini?

- Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Kanuni hiyo ilitungwa na daktari wa macho Mmarekani, Jeffrey Anshel. Mti ulio nje ya dirisha unatosha, simu haihesabiki.
- Katika sekunde hizo, funga kope kabisa mara kadhaa, taratibu. Kupepesa nusunusu hakutandazi machozi chini ya jicho.
- Geuza feni isikupulize usoni.
- Mbabula ikae nje. Hapa macho ni sababu ndogo: moshi wake una gesi inayoua watu usingizini.

Na tahadhari moja ambayo wengi hawaitarajii. Wanaopandisha kompyuta juu ya vitabu ili kuokoa shingo wasizidishe. Ukitazama chini kidogo, kope hufunika sehemu kubwa ya jicho na machozi hudumu. Ukiinua macho kutazama skrini iliyo juu, jicho lote liko wazi kwa upepo. Ukingo wa juu wa skrini ukae usawa wa macho au chini kidogo ya hapo, wala usipite.

Miwani ya bluu, na miwani ya barabarani

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu ndiyo inayoulizwa zaidi, pengine kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilikusanya majaribio 17 juu ya lenzi hizo na haikukuta kwamba zinapunguza uchovu wa macho wa skrini kuliko lenzi za kawaida, walau kwa muda mfupi. Chama cha madaktari wa macho wa Marekani nacho hakizipendekezi kwa kazi hiyo. "Lakini mimi zimenisaidia," mtu atasema. Inawezekana: huenda zimepakwa kitu cha kuzuia mwako wa kioo, huenda zimekuja na namba uliyokuwa ukiihitaji bila kujua, huenda siku hiyohiyo ulianza pia kupumzika. Kama tayari unazo, zivae. Kama huna, pesa hiyo ipeleke kwenye kipimo cha macho.

Kwa baba na mama waliokaribia au kupita miaka 40, suala ni jingine kabisa. Lenzi ya jicho inakakamaa kwa umri, na uwezo wa kulenga karibu unapungua. Kompyuta mpya ndiyo inayofichua hali hiyo, haiileti. Hapo watu hununua miwani ya kusomea inayouzwa barabarani, na kosa linajificha kwenye namba. Gawanya 100 kwa namba ya miwani utapata, kwa sentimita, mahali ambapo jicho lisilo na tatizo jingine litaona bila kujikaza: +2.50 ni sentimita 40, mahali pa Biblia au gazeti, +1.50 ni sentimita 67 hivi. Kompyuta iko kati ya 50 na 70. Mwenye +2.50 akiivalia kompyuta ataona ukungu, atasogea mbele mpaka sentimita 40, na jioni atalalamika shingo. Tena miwani hiyo ina namba moja kwa macho yote mawili, ilhali macho ya watu wengi yanatofautiana, na haisahihishi astigmatismu. Haiharibu macho, lakini haitoshi kwa anayefanya kazi ya skrini kutwa.

Matone

Katika famasia utauziwa matone ya macho bila maswali mengi. Matone ya machozi bandia, yale ambayo Wafaransa huyaita larmes artificielles, hayana hatari kubwa na husaidia macho makavu. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa kwa muda, kisha wekundu huweza kurudi ukizidi. Yanayotisha ni yenye kortikoidi, kwa mfano dexaméthasone: yanatuliza haraka sana, mtu anayapenda, anarudia kuyanunua miezi na miezi, na mwisho wake waweza kuwa glakoma au mtoto wa jicho. Soma jina la dawa kabla ya kulipa. Maji ya majani, maziwa ya mama, asali: jichoni usitie.

Usipopaswa kuilaumu skrini

Uchovu wa skrini huja na kazi na kuondoka kwa kupumzika. Usiku umelala vizuri, asubuhi macho yako sawa. Nenda hospitali bila kungoja ukiona mojawapo ya haya:

- uoni wa jicho moja umepungua ghafla, au pazia jeusi linashuka;
- maumivu makali pamoja na wekundu, au duara za rangi kuzunguka taa;
- vimulimuli vya ghafla, au kuona vitu viwili viwili;
- maumivu ya kichwa yanayokuamsha usiku.

Maumivu ya kichwa yasiyoisha yanadai pia upimwe shinikizo la damu, na macho yanayobadilika leo hivi kesho vile yanadai upimwe sukari. Glakoma huwapata watu weusi zaidi na mapema zaidi, huanza bila maumivu yoyote, na hupunguza uoni wa pembeni wakati katikati bado unasoma vizuri. Kwa hiyo aliyefikisha 40 apimwe presha ya macho hata kama skrini haimsumbui. Ulizia huduma ya macho katika hospitali kubwa za mji, kama Sendwe au Cliniques universitaires, kabla hujaenda kwa muuza miwani.

Na kabla ya siku hiyo ya kupimwa, kaa mbele ya kompyuta yako kama kawaida, herufi zikiwa zimekwisha kukuzwa, mwombe mtu apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kona ya jicho lako hadi kwenye kioo. Andika sentimita hizo kwenye karatasi, uongeze na saa unazokaa hapo kwa siku, umpe daktari. Usipompa, atakuandikia miwani ya kusomea kitabu.